Kuku Waliosinzia Mchana

Ndugu zangu wa Bwera na Kasese, nyumba ninayoieleza ni kama zenu. Ua umefagiliwa, kahawa imeanikwa mkekani, kuku wanachakura chini ya migomba. Hapo waliishi Nobert, mkewe Yunia na binti yao mdogo, Masika.

Asubuhi moja kuku walinyamaza. Walisimama uani juani, macho yamefumbwa, vichwa vimeinama upande mmoja kana kwamba wanasikiliza kitu ardhini. Masika aliwapigia makofi. Hawakukimbia.

Yunia akafanya tunachofanya wengi wetu kuku anaposinzia: akachukua kisu amwahi kabla hajafa.

Jirani yake Consolée, muuza vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anapita.

"Mama Masika, acha. Hii kuku iko mugonjwa. Kwetu, ya namna hii tunazika."

"Unazika kuku? Na padri munamuita?"

Wote wakacheka. Yunia akachinja.

Mchuzi ulichemka vizuri, na moto uliua vijidudu vyote vya chunguni. Lakini kisu na ubao havikupita motoni. Yunia alivipangusa kwa kitambaa, kisha akamkatia Masika parachichi.

Mtoto akaanza kuhara, homa ikapanda. Akakaa uani juani, macho nusu yamefumbwa, kichwa kimeinama upande uleule. Yunia alimpigia makofi. Hakugeuka.

"Consolée alitaja kuzika," Nobert alinong'ona. "Sasa kuku zinakufa, mtoto anaumwa. Ile mdomo yake si ya bure."

Wakafunga mlango, wakafukiza majani ya kuondoa uchawi. Consolée alisimama nje akiita, "Papa Nobert, mupeleke mutoto hospitali! Kunichukia, mutanichukia nyuma, mutoto akisha kupona!"

Walipompeleka hatimaye, vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Daktari aliuliza walikula nini. Kisha akauliza kuhusu kisu. Masika hakurudi nyumbani akiwa hai.

Waombolezaji walipojaa uani, Nobert akamwambia mkewe, "Wageni watakula nini? Chinja ile iliyobaki."

Kuku wa mwisho alikuwa amesimama pale pale alipokaa Masika, macho yamefumbwa.

Yunia alichukua kisu. Alikitazama muda mrefu, akakiweka chini, akatembea mpaka mlangoni kwa Consolée.

"Nisaidie kuchimba," alisema.

Consolée akatoka na jembe. Safari hii hakuna aliyecheka.

FUNZO

Salmonela, kijidudu kilichomuua Masika, haitoki kwenye jicho wala mdomo wa jirani. Hutoka kwenye kinyesi na matumbo ya mnyama, ikashika kisu, ubao na mikono, ikaingia kinywani. Kuku anayesinzia si kitoweo: usimchinje; akifa mfukie, kisha unawe kwa sabuni. Kisu cha nyama mbichi kioshwe kwa sabuni kabla hakijagusa chakula kingine. Mtoto anayehara na kuchemka kwa homa apelekwe hospitali siku ileile. Majani yafukizwayo hayamtibu.

Tena, msingoje kuku asinzie ndipo muogope. Anayeonekana mzima naye huweza kubeba Salmonela, hata yule anayechakura sasa hivi mlangoni pako.