Gauni la Vifungo Sita

Swafiya ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo. Ukipita mbele ya mlango wake na uzi unaning'inia kwenye nguo yako, atakuita aukate, na maneno utayapata.

Kwa miaka ishirini na sita alimshonea binti yake, Umuhoza. Umuhoza alizaliwa na ulemavu wa akili. Hujifunza polepole, na maneno yake ni machache. Kwa hiyo mama alimshonea magauni ya lastiki, yasiyo na kifungo hata kimoja. Kila asubuhi alimvalisha yeye mwenyewe. Alimlisha, alimsuka, akamfunga viatu.

"Mtoto yangu hasumbuki," alijisifu.

Kisha magoti ya Swafiya yakaanza kuuma, na swali moja likamkosesha raha. Nikifa, nani atamvalisha? Ndipo alipokubali Umuhoza ahamie nyumba moja ya Nyamirambo, mwendo mfupi kwa miguu. Humo wanaishi wanawake watatu wenye ulemavu kama wake, na wasaidizi wao hupokezana zamu.

Wiki ya tatu, Swafiya alikwenda bila kutoa taarifa. Alichokiona kilimpandisha mori. Umuhoza alikuwa barazani, kisu mkononi, anamenya viazi! Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Kando yake msaidizi, Mukashema, alikuwa amekaa na mikono mapajani.

"Subhanallah! Mtoto yangu iko anafanya kazi, na wewe iko unakaa tu? Nilimleta mumuangalie, si mumfanye boyi! Na hii shati! Watu watasema nini? Binti ya fundi! Umuhoza, chukua vitu yako, tunarudi nyumbani."

Umuhoza hakuinuka.

"Bado mbili," alisema, akachukua kiazi kingine.

Mukashema alisimama, akampa Swafiya kiti chake.

"Karibu, Mama. Kuuliza ni haki yako. Nyumba inayomfungia mzazi mlango, hiyo ndiyo ya kuogopa. Lakini kaa kwanza, tumuangalie pamoja."

Swafiya alikaa, uso umekunjamana.

"Wiki ya kwanza alinitazama tu," Mukashema alieleza. "Ya pili nilishika mkono yake, tukamenya wote. Sasa anamenya peke yake, na mimi niko hapa karibu, asijikate. Sikai bure, Mama. Ninazuia mikono yangu. Hiyo inanishinda kuliko viazi!"

"Na shati?"

"Alichagua yeye. Kila asubuhi tunatoa mbili, anaonyesha moja. Kufunga kumechukua nusu saa. Mimi ningefunga kwa dakika moja. Lakini kesho angeningoja tena. Na siku nisipokuwepo?"

Swali hilo lilikuwa la Swafiya mwenyewe.

Mukashema aliendelea kwa upole. "Ukija, usiangalie sakafu peke yake. Sakafu safi inadanganya. Angalia kama tunamuuliza yeye kabla ya kuamua. Kama tunagonga mlango ya chumba yake. Kama leo anajua kitu ambacho mwezi jana hakujua. Na ukiona alama kwenye mwili yake, ao anaogopa mtu, usinyamaze hata siku moja."

Swafiya aliwakumbuka wanafunzi wake. Alikuwa amefundisha wasichana kumi na mmoja kushona. Msichana akikosea, Swafiya hamnyang'anyi kitambaa. Humpa wembe afumue, aanze upya. Wote kumi na mmoja leo ni mafundi. Mtoto wake wa kumzaa ndiye pekee ambaye hakuwahi kuachiwa akosee.

"Niliogopa ahangaike," alisema, na machozi yakamtoka. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Ulimpenda sana, Mama. Ndiyo maana anaamini watu. Sisi tulianzia hapo."

Umuhoza aliinua kiazi cha mwisho, akamwonyesha mama yake. Kilikuwa kimebaki kidogo kama yai, maana nusu nzima ilikuwa imekwenda na maganda. Swafiya alicheka huku akijifuta macho. Siku hiyo alirudi nyumbani peke yake.

Alipofika alikata kitambaa cha kijani, akashona gauni lenye vifungo sita vikubwa. Matundu aliyapanua kidogo. Kifungo cha chini kabisa alikiweka chekundu, na tundu lake akalizungushia uzi mwekundu, ili Umuhoza ajue pa kuanzia. Hakuwahi kujivunia kazi ya mikono yake kama hiyo.

Asubuhi ya Idd alikwenda kumchukua, gauni mkononi. Umuhoza alianza na chekundu. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kikaruka tundu. Mikono ya mama ikanyanyuka yenyewe.

"Acha, Mama," alisema Umuhoza.

Swafiya aliificha mikono yake chini ya mtandio. Umuhoza alifungua vyote, akaanza upya. Takbira zilikuwa tayari zinasikika kutoka msikitini. Swafiya, ambaye hakuwahi kuchelewa swala ya Idd tangu utoto wake, alisimama akangoja.

Njiani jirani aliwapungia mkono.

"Mama Umuhoza, leo umechelewa! Lakini mtoto amependeza. Nani kamvalisha?"

Swafiya alifungua kinywa kujibu. Kisha akakifunga, akamgeukia binti yake.

Umuhoza aligusa kifungo chekundu. Akapanda navyo kimoja kimoja, mpaka cha sita, shingoni.

"Mimi," alisema.