Mwenye Duka Ageuze Kichwa

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa ufungaji wa sabuni. Vipande vilikuwa ishirini na vinne, ujazo kamili wa kalibu moja, kisanduku cha kugandishia sabuni. Mke alivikata kwa mkono wake siku tatu kabla ya kulazwa, akavipanga rafuni katika chumba cha uani, kwa kuwa sabuni isiyochemshwa haifai kuuzwa mpaka ikae wiki sita, ikauke na ukali wake uishe. Wiki ya nne alifariki. Wiki ya sita mume alivishusha, akavifunga kimoja kimoja kwa karatasi ya kaki na uzi mweupe. Ishirini na vitatu vilikwenda kwa wateja. Cha mwisho alikiweka kabatini, katikati ya nguo za marehemu.

Alikuwa mwalimu wa kemia. Mke alimbandika jina la Mizani, kwa sababu hata chumvi ya mchuzi alitaka ipimwe kwanza. Dukani kazi yake ilikuwa hiyo tu: kupima mafuta, maji na kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mengine yote yalikuwa ya mke. Duka lenyewe lilikuwa kwenye soko la mtandaoni, kwa jina lake na sura yake, na ndani yake zilikuwamo video alizojirekodi kwa miaka mitano. Simu yake ilipotea hospitali, kwa hiyo sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote. Kila jioni mume alifungua duka na kusikiliza sekunde arobaini zile zile.

"Sabuni usiiache kwenye maji, mpenzi mteja. Itayeyuka, halafu utanilaumu mimi."

Saa kumi alasiri ya siku ile ile ya kufunga sabuni, soko lilitoa tangazo. Sera zimebadilika. Kabla ya mwezi huu kuisha kila mwenye duka atathibitisha sura yake mbele ya kamera. Kuanzia leo ujumbe wa mteja ujibiwe ndani ya saa moja, usiku na mchana. Mzigo utoke ndani ya siku moja. Duka litakaloshindwa litafungwa, na kumbukumbu zake zote zitafutwa.

Kundi la wauzaji kwenye simu likawaka moto.

"Saa moja? Kwani sisi ni kituo cha zimamoto?" aliandika mshona mikoba.

"Mimi nitalala na simu kifuani kama mtoto mchanga," alijibu mchonga vijiko.

"Wewe huna shida. Mimi uso huu kamera ikiuona itapiga kelele za mwizi."

Walicheka. Kabla ya mwisho wa mwezi mchonga vijiko alikuwa amefungiwa, kwa sababu kijiko chake kimoja kilimchukua siku mbili. Mshona mikoba naye alishushwa mpaka chini kabisa ya orodha, mahali ambapo mteja hafiki. Hakuna aliyecheka tena.

Mizani alisoma sera neno kwa neno. Duka la marehemu halirithishwi, ilisema. Kifo kikiripotiwa, kumbukumbu hufutwa baada ya siku saba. Aliandika barua tatu kwa soko kuomba video tu, kwa kuwa hazikupakulika, na alipojaribu kuzirekodi zilitoka bila sauti. Mara tatu alijibiwa kwa maneno yale yale, na jibu la tatu lilimtakia mauzo mema.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha sura, baada ya vipindi vya shule, alijaribu uso wake mwenyewe. *Sura hailingani na ya mwenye duka. Umebakiza jaribio moja.*

Alikaa kitako muda mrefu katika chumba cha uani. Kisha akaenda sebuleni, akaitungua ukutani picha ya mke wake, picha kubwa yenye fremu, ambamo anaangalia mbele moja kwa moja huku masikio yote mawili yakionekana. Akaisimamisha simu juu ya meza, yeye akachuchumaa nyuma ya fremu, akaishika kwa mikono miwili. Alichokiona kilikuwa ubao wa nyuma, wa rangi ya kahawia, na kamba yake. Alijua ni upuuzi. Mtu aliyezoea kupima kila kitu alijua hivyo, ila maneno yakamtoka kwa sauti bila kuyapima.

"Aje yeyote. Mradi duka lisifungwe."

"Tazama kamera," ilisema simu. "Fumba macho."

Akaikaza fremu isiteleze.

"Fumbua. Sasa geuza kichwa kushoto."

Fremu ikatikisika viganjani mwake, kidogo tu, kama kitanda kinavyotikisika mtu aliyelala upande wa pili anapojigeuza.

"Asante, mwenye duka," ilisema simu. "Karibu tena sokoni."

Aliirudisha picha ukutani bila kuitazama. Aliitazama asubuhi. Mke wake alikuwa akitabasamu vile vile, ila sikio la kushoto halikuonekana tena.

*

Siku mbili za kwanza alijiambia ni macho. Ya tatu alifungua simu baada ya kuoga, akakuta wateja kumi na wanne wamejibiwa usiku kucha, kila mmoja ndani ya dakika moja. Majibu yalikuwa ya adabu kupita kiasi. *Tunafurahi kukuhudumia. Tupo kwa ajili yako daima.* Mke wake hakuwahi kumwandikia mtu hivyo maishani mwake.

Siku ya nne alikuta sabuni mpya ya kalibu nzima.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha uani, funguo mkononi. Vipande ishirini na vinne vilikuwa rafuni, vimekatwa, vimekauka, tayari kuuzwa. Alichukua kimoja akakipima kwa karatasi ya maabara, na karatasi ikamwonyesha sabuni ya wiki sita. Alinusa. Mchaichai, kama wa mke wake, na chini ya mchaichai kulikuwa na harufu nyingine aliyoifahamu vizuri, lakini hakuikumbuka ni ya wapi.

Alivifunga. Akavituma. Angefanya nini? Oda zilikuwa zimeshaingia.

Duka likapewa nyota ya dhahabu. Mshona mikoba akamwandikia pembeni: "Shemeji, unalala saa ngapi? Tupe siri, nasi watoto wetu wale." Hakumjibu. Muda si mrefu akaona jibu limekwenda, kutoka kwenye duka: *Tunafurahi kukuhudumia.*

Kelele zilianza mchana. Aliporudi kutoka shuleni, kabla hajafungua geti, alisikia mwiko ukikoroga chunguni uani, mzunguko mmoja wa polepole baada ya mwingine, na kila alipotia ufunguo kwenye kufuli mwiko ulinyamaza, na alipoingia alikuta chungu kimeoshwa, sakafu imepigwa deki, na joto la mtu aliyetoka sasa hivi limebaki pale hewani mbele ya meza, mahali pale pale mke wake alipopenda kusimama.

Hakumwambia mtu. Ukweli ni kwamba alianza kurudi nyumbani mapema.

Aliyegundua ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyemletea chakula Jumamosi mchana. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaweka bakuli chini.

"Shemeji, hiyo suruali ni yako au umeazima?"

"Nimepungua kidogo. Msiba."

"Msiba haumli mtu mpaka mkanda ufike tundu la mwisho." Akamkazia macho. "Unakula?"

"Nakula sana. Nashangaa mwenyewe."

"Na hii sabuni yote anatengeneza nani? Wewe kukoroga hata uji huwezi, dada alikuwa anakucheka."

Hapo akamweleza, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza karibu na mgonjwa. Shemeji alisikiliza bila kumkatiza. Kisha wakaenda uani pamoja. Mizani, kwa mazoea, akaanza kukagua vifaa. Ndoo ya kostiki ilikuwa imepungua, kwa kiasi kilekile ambacho angekipima yeye. Madebe ya mafuta yalikuwa manne, na yote manne lakiri zake zilikuwa hazijaguswa.

"Sabuni bila mafuta?" alinong'ona shemeji.

Mizani alikuwa ameshaanza kupiga hesabu, na hesabu ikishaanza kichwani mwake haikuwa na breki. Kalibu moja hula kilo moja na gramu mia sita za mafuta. Tangu picha igeuze kichwa zilikuwa zimejaa kalibu nne. Kilo sita na gramu mia nne. Hospitali, alipomtolea mke wake damu, walimpima uzito wakaandika kilo sabini na moja na gramu mia mbili. Alivua viatu, akapanda juu ya mizani ya vifurushi, ile kubwa ya chini, akainama kusoma namba, na shemeji aliyekuwa amesimama pembeni aliona rangi ikimtoka usoni kabla hajasikia anachosema.

"Sitini na nne na gramu mia nane."

"Maana yake?"

Alichukua kipande cha sabuni, akakileta puani. Sasa aliikumbuka ile harufu ya chini. Ilikuwa ya kola ya shati lake mwenyewe.

*

Shemeji alimleta fundi cherehani siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani minene, aliyejulikana mtaani kwa kufufua cherehani mbovu, na wachache walijua kwamba anafukuza na majini. Alikuja na mkoba wa bisibisi.

"Huo wa nini?" shemeji aliuliza.

"Natoka kazini, mwanangu. Ulidhani nitakuja na ngoma?"

Aliitazama picha sebuleni, akashusha sauti. "Lini ilianza kuonyesha shavu?"

Mizani alitazama. Jicho moja tu la mke wake lilikuwa limebaki. Lile lingine lilikuwa limeshageukia upande wa uani.

"Sikiliza, baba," alisema fundi. "Huyu si mkeo. Jini hana sura mpaka apewe. Wewe umempa sura, umempa jina, halafu ukampa na kazi, na masharti ya kazi yenyewe ni kutolala, jambo ambalo kwake si taabu. Anachokosa ni malighafi tu."

"Atatoka?"

"Atatoka, maana yupo kwa cheo cha mwenye duka. Andika kwa mkono wako kwamba mwenye duka amekufa. Mimi nitasoma, wewe ubonyeze."

"Nikibonyeza, video zinafutwa."

Shemeji alimshika bega, kiganja chake kikakuta mfupa.

"Shemeji, na mimi sauti yake naitamani. Lakini bonyeza. Dada angekuwepo angekupiga na mwiko."

Walikaa watatu mezani. Fundi alianza kusoma kwa sauti ya chini, midomo ikienda haraka, na Mizani akafungua fomu, akajaza jina, akajaza tarehe, tarehe ambayo tangu amzike hakuwahi kuiandika popote, na kadiri alivyoandika ndivyo harufu ya mchaichai ilivyozidi kuingia kutoka uani, nzito, yenye unyevu, ikapanda miguuni kama maji ya mafuriko, na huko uani mwiko ukaanza kukoroga, kwanza polepole, kisha haraka, kisha haraka kuliko mkono wa mtu unavyoweza, chungu kikigonga meza na madebe yakilia, mpaka fundi akalazimika kupaza sauti na shemeji akaziba masikio, na kidole cha Mizani kikawa juu ya kitufe, kimebakiza unene wa ukucha.

Mwiko ukanyamaza. Ukagonga ukingo wa chungu mara tatu, kama alivyougonga mke wake kila alipomaliza.

"Mizani," sauti iliita kutoka uani. Haikuwa na adabu ya kupita kiasi. Ilikuwa imechoka kidogo na ina kicheko ndani yake. "Njoo upime wewe. Mimi mkono unatetemeka."

Hivyo ndivyo alivyosema miezi ya mwisho, ugonjwa ulipomfika mikononi. Hakuna video yenye maneno hayo. Aliyasikia mtu mmoja tu.

"Usiitike," alisema fundi. "Baba, nakuomba. Anayajua kwa sababu unayajua wewe. Usiitike."

Alijua. Alikuwa mtu wa vipimo, na aliupima ukweli huo akauona umekamilika, hauna upungufu hata wa gramu. Akafunga simu.

"Nakuja," alisema.

Fundi cherehani alinyamaza katikati ya neno. Alivua miwani, akaifuta, akakusanya bisibisi zake. Mlangoni alimwambia shemeji, bila hasira, "Aliyeitika simwezi. Twende." Shemeji alilia mpaka getini, akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mizani hakugeuka.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya jua. Rafuni kulikuwa na vipande ishirini na vinne vipya. Alivua viatu, akapanda juu ya mizani, na kwenye daftari la vipimo akaandika sitini na tatu na gramu mia mbili. Kutoka hapo alitoa kilo moja na gramu mia sita mara kadhaa, kalibu baada ya kalibu, mpaka akafika kwenye namba ambayo mwili hauwezi kuivuka ukabaki hai, akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akatafuta msumari na nyundo, akaulaza mkanda juu ya meza ya sabuni, akatoboa tundu jipya. Alipima kwanza, ili limfae na wiki ijayo.