Rozalia Aliyeitwa na Ziwa

Rozalia aliuza mawese sokoni Mwanga. Kila asubuhi alimeza dawa zake za kisukari, akajitwika ndoo, akatoka. Aliishi mtaa wa Buzebazeba, kando ya ziwa, na mumewe Feliksi, mpakuaji wa mizigo bandarini.

Siku moja mchana, kabla hajala, alikuwa akimpimia mteja mafuta. Ghafla kelele za soko zikaenda mbali, kana kwamba amezamisha kichwa majini. Mikono ikatetemeka. Jasho la baridi likamtoka. Alipoinua macho, nyuma ya mteja alisimama mama yake.

Mama yake alizama ziwani Rozalia akiwa msichana. Sasa alisimama pale, nguo zimelowa, maji yanachuruzika. Akamwita kwa Kiha, lugha ya kwao, kwa jina lake la utotoni. Kisha akageuka na kuondoka.

Rozalia akamfuata.

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa ufukweni walimkuta ziwani, maji yamemfika kiunoni. Walimvuta, wakamnywesha chai. Polepole akawatambua kuwa ni watu.

Tangu siku hiyo wenzake sokoni walisogeza ndoo zao mbali na yake.

"Mama Bariki," Feliksi alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "aliyekufa majini huwa hatulii. Mama yako anataka kukuchukua."

Rozalia naye aliamini hivyo.

Mama yake alirudi wiki iliyofuata. Safari hii alisimama mlangoni kwa Rozalia, jioni, na hakusema kitu. Alinyoosha mkono tu. Rozalia alikuwa anainuka kumfuata pale Recho alipoingia. Recho ni jirani yake, mhudumu wa afya wa mtaa. Alimwona amelowa jasho, amekodoa macho.

"Mama Bariki! Unanisikia? Unaweza kumeza?"

Rozalia aliitikia kwa kichwa. Recho akakoroga sukari kwenye maji, akamnywesha kidogokidogo. Rozalia hakuondoa macho mlangoni. Mama yake hakutoka wala hakuingia. Alififia tu, kama moshi, mpaka ukabaki mlango mtupu.

"Ameondoka," Rozalia alinong'ona.

"Nani?"

Rozalia akamweleza yote. Recho akasema, "Dada yangu, mzimu gani unaofukuzwa na sukari? Sukari yako ya damu imeshuka mno. Ikishuka hivyo ubongo unakosa nguvu. Mtu hutetemeka, huchanganyikiwa, hata huona yasiyokuwepo. Tujue kwa nini inashuka. Kesho asubuhi twende tukaone taarifa zako za matibabu."

"Zile si za daktari? Ziko ndani ya kompyuta."

"Zinaeleza mwili wako. Una haki ya kuomba kuziona na kuelezwa. Beba na dawa zako zote."

Kesho yake, kwenye kituo cha afya, Rozalia alikaa mbele ya daktari. Recho akamgusa bega, naye akasema:

"Daktari, sukari yangu inashuka mno. Naomba kuona taarifa zangu. Naomba tuzisome pamoja."

Daktari akaigeuzia kompyuta upande wa Rozalia. "Hili ni jina lako na umri wako. Hapa ni vipimo vya sukari. Na hii ndiyo dawa niliyokuandikia."

Rozalia akatoa dawa zake mezani. Zilikuwa pakiti mbili.

"Hii nyingine umeitoa wapi?"

"Dawa ilipokwisha hapa, nilikwenda kliniki nyingine. Wakanipa hiyo. Baadaye ya hapa ikapatikana tena. Nikadhani ni mbili tofauti, maana majina ni tofauti."

Daktari akasoma maandishi madogo kwenye pakiti. Uso ukambadilika. "Mama, hii ni dawa ileile. Jina la nje tu ndilo tofauti. Umekuwa ukimeza dozi maradufu, ndiyo maana sukari inashuka. Kwenye taarifa zangu haipo."

Alimpima sukari, akaiondoa pakiti moja na kumwelekeza upya. Rozalia akaendelea kutazama kompyuta.

"Na hapa pameandikwaje?"

"Dawa zinazokudhuru. Pameandikwa hakuna."

"Si kweli. Septrini iliwahi kunivimbisha midomo."

Daktari akarekebisha palepale, akamchapia nakala. "Popote utakapotibiwa, waonyeshe hii. Na mtu akizimia kabisa kwa sukari kushuka, msimpe kitu mdomoni. Mleteni hospitali haraka."

Jumamosi mlango ulibishwa. Feliksi akajishika kichwa. "Mungu wangu! Nilisahau kuwapigia simu tena."

"Kuwapigia akina nani?"

"Ndugu zako wa Kasulu. Niliwaambia mama yako amekuja kukuchukua. Niliwaambia wajiandae kwa msiba."

Rozalia akafungua mlango mwenyewe. Nje walisimama ndugu zake, wamejifunga kanga za msiba. Shangazi yake akarudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyethubutu kumpa mkono.

"Shikamoo, shangazi. Nishike. Mimi ni mzima."

Shangazi akamgusa kwa ncha ya kidole. Kisha akamkumbatia, akalia kilio alichokuwa amekuja nacho. Walipotulia na kula, Rozalia aliwaeleza yote, akiwaonyesha nakala mstari kwa mstari. Shangazi, aliyekuwa akimeza dawa za presha kwa miaka mingi, alisikiliza huku ameshika tama.

"Na mimi nikiomba taarifa zangu, watanionyesha?"

"Omba, shangazi. Usipoelewa, omba tena."