Bendi Iliyoacha Kugombana

Jua lilikuwa linazama Digrii alipofika kwa fundi redio kuazima gitaa.

Kosa lilikuwa la makalio ya mpiga ngoma. Nyundo, aliyepewa jina hilo kwa upigaji wake na wala si kwa akili, alikuwa anarushiana maneno na Kapteni, mpiga solo na kiongozi wa bendi. Akarudi nyuma kwa hasira. Akakaa. Akakalia gitaa la besi la Digrii, na shingo yake ya mbao ikavunjika, kaa! kama mfupa. Badala ya kuomba radhi, Nyundo akauliza ni mjinga gani anaweka gitaa kwenye kiti.

Bendi yenyewe ndiyo hiyo. Waligombania mwendo wa wimbo, rangi ya mashati, na nani hasa alianzisha ugomvi wa jana. Na Jumamosi meneja wa hoteli alikuwa anawasubiri, awasikilize. Wakimpendeza, wangepiga pale kila wikiendi, mwaka mzima. Kazi. Kazi yenye mkataba! Kwa Digrii, aliyesambaza CV mpaka walinzi wa mageti wakawa wanamuulizia hali ya mama yake, neno hilo lilinukia kuliko mkate wa moto. Ofisi zote zilitaka experience. Experience ataitoa wapi, na wao ndio wameikalia kama Nyundo alivyokalia besi?

Dukani kulinuka risasi ya kuchomelea na vumbi la zamani. Fundi alikuwa ameinamia spika, miwani imemteleza puani. Redio mbovu zilipandiana migongo kila upande, ila ukuta mmoja ulikuwa mtupu. Katikati yake lilining'inia gitaa moja tu. Hakuna kitu kilichowekwa karibu nalo.

Lilikuwa besi ya zamani kweli. Mwili wa mbao, mweusi kwa uzee. Shingo ya alumini tupu, inang'aa kama imetoka kusuguliwa, na kichwa kimegawanyika juu kama manati.

"Shikamoo, fundi. Niazime lile."

"Marahaba. Lile pambo."

"Pambo lina nyuzi nne?"

Fundi akavua miwani. "Umewahi kupiga la alumini wewe? Chuma hiki kinasikia hali ya hewa kuliko mgonjwa wa baridi yabisi. Kikipoa, sauti inahama. Kikishika joto la mkono, inahama tena. Ni kazi."

"Mimi kazi sina, fundi. Nina muda."

Fundi hakucheka. Akalishusha kwa kitambaa, bila kuligusa kwa mkono.

"Nisikilize, mwanangu. Ukilityuni hili, linganisha sauti yake na ya wenzako. Wenzako wasityuni kwa hili. Hili ndilo lifuate. Lisifuatwe."

"Likifuatwa?"

Fundi akarudi kwenye spika yake. "Lirudishe Jumapili," akanong'ona.

Digrii akalipokea kwa shingo, akijiandaa kwa ubaridi. Ni chuma, kimekaa ukutani mchana kutwa bila kuguswa...

Lilikuwa na joto.

Joto la kiganja. Kama mkono uliotoka kushikwa sasa hivi, ukaachiwa.

* * *

Walifanyia mazoezi katika chumba cha nyuma ya karakana ya seremala, kwenye feni moja na vumbi la mbao lisiloisha. Na humo ndani kulikuwa na jambo moja tu ambalo bendi ilikubaliana juu yake. Kabla Digrii hajajiunga, waligombana nani atyuni kwa nani, mpaka kimashine cha Kapteni cha kutyunia kikaishia ukutani, vipande. Kinoo, mwimbaji, ndiye aliyeleta amani. Wote wafuate besi.

"Kwa nini besi?" Nyundo aliuliza siku hiyo.

"Kwa sababu hakuna binadamu anayemwonea wivu mpiga besi."

Wakacheka wote, ikawa sheria. Besi kwanza. Gitaa la Kapteni lifuate, ngozi za ngoma za Nyundo zifuate, koo la Kinoo lifuate.

Kinoo alikuwa dada yake Digrii, tumbo moja. Jina alilipata kwa sababu ulimi wake ulimnoa kila aliyepita karibu. Digrii alipomaliza chuo, shangazi walipiga vigelegele, wajomba wakasema milango yote sasa iko wazi. Kinoo aliichukua ile shahada, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Nzuri. Haipiki. Njoo ushike besi." Duniani kote, yeye peke yake hakuwahi kumdanganya. Digrii alishazoea kukosa kila kitu. Mdomo ule asingeweza kuukosa.

"Umetuletea sufuria?" Kinoo akauliza Alhamisi hiyo, alipoiona ile shingo. "Na kifuniko?"

"Kifuniko nimepanga kukuziba mdomo, dada."

"Wee! Nitakupiga nalo hilo hilo, ulie kwa noti."

Nyundo na Kapteni walikuwa tayari wanagombania feni igeuziwe nani.

"Haya, Digrii," Kapteni akafoka, "tupe sauti. Leo tufanye kazi."

Digrii aliyakumbuka maneno ya fundi. Aliyakumbuka vizuri tu. Lakini aanzie wapi? Aseme leo wamfuate Kapteni? Nyundo angebeba vijiti vyake akaondoka, na hoteli ingeondoka naye. Tena kwa sababu gani? Kwamba fundi redio kanong'ona? Msomi mzima!

Akafunga mdomo. Akapiga uzi mnene.

Dummm...

Sauti ilipita chini ya sakafu, ikapanda miguuni, ikakaa kwenye meno. Kapteni akakaza nyuzi zake, akaifikia. Nyundo akakaza ngozi, akaifikia. Kinoo akafumba macho. "Aaaa..." Akaishukia taratibu, akaifikia.

Feni ikasimama.

Hakuna aliyelalamika.

Wakapiga wimbo wa kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu Digrii awajue, wote walimaliza mahali pamoja.  Kisha Nyundo akaweka vijiti magotini.

"Samahani, Kapteni," akasema polepole. "Nilikukosea."

"Sawa."

"Sawa," akasema Kinoo.

"Jamani, mmekunywa nini?" Digrii akacheka.

Akacheka peke yake. Wenzake watatu walikuwa wamekaa wima wakipumua. Pumzi ikaingia kwao kwa pamoja... ikatoka kwa pamoja.

* * *

Ijumaa jioni, nyumbani kwao, Kinoo alikuwa anaosha vyombo, mgongo kamgeuzia Digrii. Mama yao alikuwa ametoka. Tangu asubuhi dada mtu hakuwa amemtukana hata mara moja, kwa hiyo Digrii akaanza kumchokoza makusudi.

"Dada, jana uliimba kama birika linalochemka."

"Sawa, ndugu yangu."

"Na ile blauzi yako mpya inakupa mabega ya bondia."

"Sawa, ndugu yangu."

Ndugu yangu? Kinoo alimwita mbuzi, mzigo, profesa wa kulala. Hakuwahi kumwita ndugu yangu. Digrii akatoka hadi mlangoni, akampigia simu Kapteni. Angalau huyo angefoka.

"Kapteni, mimi kesho nadhani sitakuja."

 Maji yakamiminika kwenye beseni nyuma yake.

"Utakuja," akasema Kapteni kwenye simu.

"Utakuja," akasema Kinoo kwenye vyombo.

Neno moja. Sauti moja. Wakati mmoja.

Vinyweleo vikamsimama. Akakata simu, akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akaubeba mgongoni na kukimbia kwa fundi.

Fundi alikuwa anafunga mbao za dirisha. Alipomwona uso tu, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Wamelifuata," akasema. Hakuwa anauliza.

"Fundi, hiki ni kitu gani?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nawabebea spika wenyewe, bendi iliyokuwa nalo zamani. Hawakugombana hata siku moja. Watu walikuwa wanakuja kutazama hilo tu, jinsi wanavyopatana. Halafu mwenye besi akachoka. Akataka awarudishe kama walivyokuwa. Akalegeza uzi mmoja."

"Ikawaje?"

"Mpiga ngoma wao alikuwa anakunywa maji." Fundi akainua mkono, kama kashika bilauri. "Akalegea. Hivi hivi, bilauri mkononi. Hakusimama tena."

Digrii akahisi mfuko mgongoni unazidi uzito. "Na wewe ukanipa!"

"Nilikwambia lisifuatwe! Bendi gani duniani inatyuni kwa besi?"

Digrii akaushusha mfuko magotini.

"Usililegeze," fundi akasema. "Na usiliache lipoe."

"Mbona siku ile nilikuta lina joto? Ulikuwa unalipiga?"

Fundi akamtazama mpaka Digrii akatamani asingeuliza.

"Mimi hulishika kwa kitambaa," akasema. "Siku zote kwa kitambaa."

Upepo wa jioni ulikuwa umeanza. Alipofika nyumbani, alumini ilikuwa imepoa kabisa, na Kinoo alikuwa amesimama pale pale penye beseni, povu limemkaukia mikononi, anatetemeka. Midomo imekuwa ya kijivu. Digrii akapiga magoti, akaikumbatia ile shingo, akaisugua kwa viganja, akaipulizia pumzi kama mtu anayewasha kuni mbichi. Akasugua. Akasugua.

Kinoo akaacha kutetemeka.

"Asante, ndugu yangu," akasema.

Digrii akalia kimyakimya, gitaa kifuani.

* * *

Jumamosi, taa za bustani ya hoteli ziliwashwa mapema. Wageni walikuwa wachache, wahudumu wanapita na trei, meneja kakaa mbele na tai yake, uso wa mtu aliyezoea kusema tutakupigia simu. Digrii alikuwa amelifunga gitaa kwa blanketi la mama yake mpaka dakika ya mwisho. Alijiambia, tupate kazi kwanza. Mengine nitayatafutia njia. Msomi hakosi njia.

Wakapiga.

Walipiga kama kitu kimoja chenye mikono mingi. Kila Digrii alipowaza kupunguza mwendo, mwendo ulipungua kabla hajagusa uzi. Sauti ya Kinoo ilikuwa safi, laini, haina mkwaruzo. Ule mkwaruzo ndio uliokuwa wake. Aliimba maneno ya mapenzi huku akitazama mbele, macho makavu.

Katika kibwagizo, mhudumu mmoja akasimama. Akaanza kuimba chinichini.

Mwingine akaitikia. Mwanamke wa meza ya pembeni akafumba macho. "Mmmm..." Mumewe naye. Meneja akalegeza tai, akainua kidevu, akaitafuta ile sauti ya chini... akaifikia.

Digrii akataka kuacha. Vidole vikamaliza wimbo.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamekaa wima, trei hazitikisiki, wanamtazama. Si Kapteni. Si mwimbaji. Yeye, mpiga besi.

"Umependa?" Digrii akamuuliza meneja.

"Nimependa."

"Tuanze wiki ijayo?"

"Sawa," akasema meneja.

"Sawa," wakasema wahudumu.

"Sawa," zikasema meza zote.

Pumzi ikaingia bustani nzima. Ikatoka.

Digrii akajaribu kucheka. "Jua linachomoza usiku," akasema.

"Sawa."

Miaka yote alikuwa ametamani watu wenye tai wamsikilize hata kwa dakika moja. Sasa walikuwa wanamsikiliza. Angeweza kusema lolote. Angeweza kutoka pale na cheo, ofisi, kiti cha kuzunguka... Akageuka. Kinoo alikuwa amesimama hatua chache tu, maikrofoni mkononi, mtulivu, mtiifu, anangoja.

Akamsogelea mpaka sikioni. Akanong'ona asisikie mtu mwingine.

"Dada. Nakuomba. Niambie hapana."

"Hapana," akasema Kapteni.

"Hapana," akasema Nyundo.

"Hapana," ikasema bustani yote, kwa upole, kwa pumzi moja, vinywa vikafunguka na kufungwa pamoja.

Midomo ya Kinoo haikutikisika.

Digrii akangoja. Chini ya kiganja chake alumini ilikuwa inapanda joto, na ilikuwa kama vidole vingine vimelala juu ya vyake, vinabana.

Na kimya kilipokwisha kutanda, kila mtu amekwisha kufunga mdomo wake, Kinoo akafungua wa kwake.

"Hapana."

Chini kabisa. Na mkwaruzo.

Digrii hakujua kama dada yake alikuwa amemjibu, au alikuwa amechelewa tu kuitikia na wengine. Uso ule haukumwonyesha lolote. Mbele yake bustani nzima ilikuwa inangoja aseme neno jingine.

Hakuthubutu kuuliza tena.