Gari la Raphaeli, Namba Kumi na Saba

Jumamosi, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, Ebeneza alirudi kutoka kisimani akifuta mikono kwenye suruali, akakuta meza tupu. Msasa upo, brashi zipo, kopo la vanishi lipo, mfuniko wazi. Gari halipo.

Lilikuwa gari dogo la mfano, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole, namba kumi na saba milangoni. Ebeneza, fundi mstaafu wa karakana ya meli pale Itungi, alilihangaikia miezi kumi na minne: bodi ya bati la makopo ya maziwa, tairi za soli za ndala, taa za karatasi ing'aayo ya pakiti za sigara, mikanda ya viti iliyoshonwa kwa uzi. Kesho yake, baada ya ibada, lilitakiwa kuwekwa juu ya kaburi la mdogo wake Raphaeli, siku ya kuzindua jiwe. Raphaeli ndiye aliyekuwa msoma ramani wa gari lenyewe, mbio za magari zilipopita Mbeya mwaka tisini na tisa. Hakuacha mke wala mtoto. Gari lile ndilo lingemtaja mbele ya watu.

Saa sita polisi kata, Amon, akaanza kupekua kwa majirani. Saa tisa alasiri akalipata kwa Nsajigwa, mkulima wa ng'ambo ya ua, ndani ya sanduku la kuvundikia kakao, chini ya majani ya mgomba, limeviringishwa kwenye kiroba.

"Kesi imekwisha," alisema Amon. Kata nzima ya Bujonde ilijua Nsajigwa na Ebeneza hawasalimiani tangu Pasaka kwa ajili ya mpaka.

Mke wa Nsajigwa, Felista, hakulia. Alikwenda kumwita Tusajigwe, mpokeaji wa kakao wa chama cha ushirika. Kazi ya mama huyu kwa miaka mingi ni kunusa punje na kuzikata. Mwaka juzi ndiye aliyemkamata mtu aliyechanganya mawe kwenye gunia, na toka hapo watu walimwita hata kwa kesi zisizo na kakao.

"Afande, ugonile," Tusajigwe alisalimia.

"Ugonile, mama. Umechelewa. Huyu namshusha kituoni Kyela."

"Mshushe. Ila nipe nusu saa."

Alilifungua gari. Rangi ya boneti imekunjamana, tairi moja limelegea, stika zimenyanyuka pembe. Lilinuka siki. Juu ya paa palikuwa na mikwaruzo ya kisu, mahali pamoja tu.

"Nsajigwa, sanduku hili lina siku ngapi?"

"Ya tatu leo."

"Linageuzwa lini?"

"Saa kumi. Shemeji zangu wanakuja na makoleo."

"Afande, tia mkono humo."

Amon alizamisha mkono katikati ya punje, akautoa upesi. "Mama yangu! Kama ugali!"

"Ndiyo kakao hiyo, inajipika yenyewe. Kila mkulima wa hapa anajua. Sasa mwenye sanduku afiche kitu chenye rangi mbichi ndani ya moto? Tena sanduku ambalo shemeji zake watalifukua saa kumi? Tena kakao hubeba harufu. Vanishi hii ikiingia kwenye punje, mimi mwenyewe namrudishia mzigo wote."

"Na huyu mzee simpotezei hata punje moja!" Nsajigwa alidakia.

Ebeneza alitaka kukasirika, akacheka puani.

"Aliyeficha hapa," Tusajigwe aliendelea, "ni mtu asiye na kakao. Mzee Ebeneza, paani palikuwa na nini?"

"Jina la Raphaeli. Kwenye gari lenyewe majina yalikuwa kwenye madigadi, picha iko ukutani kwangu. Ila madigadi nimeyapaka tope. Nilisaga kigae cha chungu, nikachanganya na gundi, likakaa kama tope la barabarani kabisa. Likafunika jina. Ndiyo nikaandika juu ya paa, leo saa tatu. Hata mke wangu hajaona."

Mkewe, Kisa, aliitikia kwa kichwa. "Nilikuwa jikoni. Amekuja Dickson tu, saa nne na nusu, kuleta vyungu vya kesho. Nimemwacha uani naingiza vyungu ndani, nikitoka ameshaondoka."

Tusajigwe alilirudisha gari kwenye kiroba, akafunga mdomo kwa kamba.

Dickson aliletwa kutoka kilabuni. Alikuwa mtu wa ziwani. Hununua vyungu kwa akina mama wa Kikisi kule Ikombe, huvileta kwa mtumbwi. Hana hata mche mmoja wa kakao. Na hapakuwa na benchi la pombe toka Itungi hadi Ikolo ambalo halijasikia jinsi yeye, Dickson, alivyosoma ramani ndani ya gari namba kumi na saba.

"Kaka Dickson, karibu. Uliliona gari asubuhi?"

"Sikuliona. Niliweka vyungu nikaenda zangu."

"Hata kwa mbali?"

"Nimesema sikuliona, mama. Nina haraka."

"Basi pole. Wewe uliyekuwa ndani ya gari lenyewe, tulidhani utatusaidia. Mzee anataka kulitengeneza upya, lifanane."

Dickson alitunisha kifua. "Lifanane wapi? Amekosea toka mwanzo. Gari la watu wengi, yeye anaandika Raphaeli peke yake paani, kama vile wengine tulikuwa mizigo!"

"Paani?" aliuliza Tusajigwe.

Dickson alikitazama kiroba kilichofungwa kamba.

"Mimi nakaa nyumba moja naye," alisema Kisa, "na sijaliona hilo jina."

Tusajigwe alifungua kiroba, akageuza paa lionekane. "Stika zote zimenyanyuliwa na joto. Jina peke yake limekwanguliwa. Mwizi wa gari angebeba gari. Huyu alikuwa na ugomvi na jina."

Dickson alikaa chini, juu ya koleo la Nsajigwa.

"Niliposikia mzee anarudi nikaruka ua. Nilihisi joto mle, nikadhani ni jua. Ningelichukua kesho mkiwa kanisani."

"Kwa nini lakini?" aliuliza Tusajigwe.

"Kesho watu wote wangesoma. Wangeniuliza, Dickson, kama Raphaeli alisoma ramani, wewe ulikaa wapi? Kwenye boneti?" Alijifuta uso. "Mimi nilijaza mafuta. Nilifuta vioo. Basi."

"Raphaeli alijua," alisema Ebeneza.

"Alijua?"

"Miaka yote. Nilimwambia akukanye. Akasema, mwache, mimi nilikwenda, yeye anasimulia."

Amon alitoa pingu. Ebeneza alimzuia mkono.

"Mali ni yangu, afande."

"Mnanipotezea mafuta ya pikipiki!"

"Nitakulipa ndizi." Ebeneza akamnyooshea Dickson brashi nyembamba. "Kamata. Herufi nane. Usitetemeke."

Dickson aliandika mpaka saa kumi na mbili jioni. Alifuta mara tatu.

Jumapili, saa saba mchana, gari lilikuwa juu ya jiwe. Boneti Ebeneza aliiacha na mikunjo yake. Alisema gari lililotoka mbioni haliwezi kuwa na sura ya gari la dukani. Nsajigwa alisimama karibu naye, na walikuwa wameshasalimiana.

Mzee mmoja wa Ikolo aliinama, akasoma jina, akageuka. "Dickson, si wewe uliyekuwa msoma ramani?"

Watu walimtazama. Dickson alivua kofia.

"Hapana. Alikuwa huyu," alisema. "Mimi nilikuwa nafuta kioo, aione njia."