Mbwa Hapigi Hodi

Kengele ya mkanda ilianza kulia kidogo kidogo, ti, ti, ti, kama kifaranga aliyempoteza mama yake. Kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi kiti cha nyuma, maana yake abiria huyo hajafunga mkanda. Ila nyuma hapakuwa na abiria. Hata masanduku yalikuwa kwenye buti.

Mke wa Mwalimu aliamshwa na mlio huo, akauliza kulikoni. Mwalimu akamwambia gari la kukodi ni gari la wote, na la wote halina mwenyewe, lazima liwe na kasoro. Hakumtazama usoni.

Mwalimu huyu hakuwa wa hesabu. Alifundisha udereva, na nusu ya madereva wa mji wao walipita mikononi mwake wakitetemeka. Ndiyo maana alikataa katakata kupokelewa na mkwewe uwanja wa ndege. Angekodi gari, amwendeshe mkewe mwenyewe hadi kwa binti yao aliyejifungua mjukuu wao wa kwanza. Mwanamke wa kaunta alimwonyesha kwa mikono kwamba nchi hii watu huendesha upande wa kulia. Mwalimu akacheka. Samaki afundishwe kuogelea?

Lakini mazoea yana taabu. Alipotoka kujaza mafuta, mvua ikimwagika na mkewe amelala, aliingia barabarani kushoto, kama kwao. Lori likamjia usoni. Akakata usukani, gari likapanda ukingoni, pakasikika kishindo kizito. Kwenye kioo cha kati aliona koti la mvua la njano, na mkono ukinyooka kutoka kwenye nyasi.

Akakanyaga mafuta. Ugenini huna mjomba, alijiambia, na mgeni ni kuku mweupe, atashikwa kabla hajajieleza. Mkewe aligutuka. "Mbwa," Mwalimu akamwambia. "Lala."

Alisimama mbele ya safari akague taa iliyopasuka. Aliporudi kuketi, dirisha la nyuma likagongwa taratibu, na sauti ya kiungwana ikasema, "Hodi."

Nchi nzima ile hakuwa amesikia mtu hata mmoja akiongea Kiswahili. Lakini mtu aliyelelewa vizuri haiachi hodi ikining'inia, na kabla akili haijamfikia, ulimi ulikuwa umeshajibu.

"Karibu."

Mlango haukufunguka. Gari lilinesa tu upande wa nyuma, kama linavyonesa anapoketi mtu mzima, na hapo ndipo kengele ilipoanza.

Sasa ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya nyasi mbichi, kisha ya mpira uliolowa, kisha ya chuma, ile ya damu mdomoni, ikawa inajaa na kujaa ingawa alishusha madirisha yote mawili ya mbele na mvua ikamlowesha hadi begani, na mkewe, aliyegeuka kutafuta inakotoka, akaona dirisha la nyuma likipata ukungu mahali pamoja tu, usawa wa kinywa cha mtu, ukifutika na kurudi, ukifutika na kurudi. Hakupiga kelele. Alishika simu na kumtafuta shangazi yake, aliyezoea kutibu watu waliopandwa na majini, akamsimulia kwa kunong'ona.

Shangazi akataka kuongea na mwanamume. Mwalimu ikambidi aeleze ile hodi, na jibu alilotoa.

"Na kabla ya hapo uligonga nini, baba?"

"Mbwa, shangazi."

"Mbwa hapigi hodi, baba."

Kisha akaeleza bila kupandisha sauti. Damu ikimwagwa na kufichwa, jini huisikia, huja kudai kwa niaba ya aliyeumizwa. Aliyelikaribisha ndiye wa kulitoa, kwa kusema kweli palepale alipoifichia. Akilifikisha kwenye nyumba ya watu kabla ya hapo, litashuka naye, litamchagua aliye mdogo kuliko wote.

Simu ilipokatika, nyuma pakalia ta! Mkanda umefungwa. Kengele ikanyamaza.

"Alikuwa mbwa kweli, mume wangu?" mkewe akauliza.

"Mbwa."

Alijichukia neno likiwa bado mdomoni. Lakini alitaka amwone mjukuu, ambebe mara moja tu, halafu yatakayokuwa na yawe.

Walipofika, binti yao alikuwa barazani na kitoto kifuani, kimefunikwa blanketi. Mama akashuka mbio. Binti akaja mpaka dirishani kwa baba yake, anacheka na kulia kwa pamoja, akamwambia ampokee mjukuu wake. Mwalimu alikiona kiganja kimoja kikichungulia, kidogo kuliko kidole gumba chake, na mikono yake ikainuka yenyewe. Nyuma yake mkanda ukafunguliwa, ukajivuta pole pole kurudi mahali pake, kama abiria anayejiandaa kushuka.

Mwalimu akapandisha madirisha, akafunga milango yote.

"Hakuwa mbwa," alimwambia mkewe kupitia upenyo wa dirisha. "Nilimgonga mtu. Alikuwa hai, mama watoto. Nilimwona akininyooshea mkono."

Mkewe alimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha akamshika binti mabega, akamgeuza na mtoto wake kuelekea nyumbani.

"Rudi ukaseme," alisema.

Alirudi akilia, upande wa kulia wa barabara. Alikuta gari la wagonjwa limezima taa zake, hakuna aliyekuwa na haraka tena, na koti la njano limefunikwa shuka. Alishuka na mikono juu, akasema kwa Kiswahili, lugha pekee aliyokuwa nayo, kwamba ni yeye aliyemgonga na hakusimama.

Polisi aliyekuwa pale aliielewa ile mikono. Akamshika kiwiko bila ukali. Kisha akainama kwenye dirisha la nyuma la lile gari la kukodi, akaligonga kwa adabu, na kwa mkono akamwashiria yule mwingine naye ashuke.