Hodi ya Magofuni

Haya yalimkuta jirani yetu Mwanaasha, hapa hapa mtaani Observatory, Johannesburg, na tangu anisimulie sipiti mlangoni kwake bila kusoma Ayatul Kursi.

Wifi yake Nomsa, Msauzi aliyezaliwa Morogoro enzi wazazi wake wako uhamishoni, alimchukua kwenda Meksiko kutazama magofu ya mji wa kale wa Wamaya. Ilikuwa mchana kweupe, watalii wamejaa, kila mtu na simu yake anapiga picha na kulalamikia jua. Wakafika kwenye kijumba cha mawe chenye mlango mfupi. Mwanaasha ni mtoto wa Tanga. Haingii nyumba ya mtu kimyakimya, hata iwe imebaki kuta. Akapiga hodi. Nomsa alicheka mpaka akashika mbavu.

Ndani palikuwa na ubaridi, na vumbi jeupe la chokaa. Wakati wa kutoka ndipo adabu ilipomponza. Aligeuka, akashukuru, akasema kama anavyosema akiaga kokote:

"Na nyinyi karibuni kwetu."

Nomsa aliacha kucheka. "Wifi, umemwalika nani?"

Wakarudi Johannesburg salama. Jumamosi moja, baada ya alasiri, Mwanaasha alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Mumewe alikuwa kazini, na binti yao Yasmin anacheza chumbani. Geti limefungwa. Mlango una komeo.

"Hodi."

Mwiko ulimponyoka. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile ile ya kule magofuni, na mwangwi wa mawe ndani yake.

Alichungulia dirishani. Kibarazani hapakuwa na mtu. Bibi yake alimfundisha: hodi usiyemwona mpigaji wake, usiiitikie. Mgeni hubisha mara tatu. Asipokaribishwa, huenda zake.

"Hodi."

Akaziba mdomo kwa kanga. Maandazi yakaungua. Imebaki moja, alijiambia. Moja tu ipite.

"Hodi."

Ya tatu ikapita. Akaanza kupumua.

Sasa, Yasmin Kiswahili hakisemi. Yeye ni Kizulu na Kiingereza. Neno moja tu mama yake alimfunza kwa kumfinya, asije akamwaibisha mbele ya wageni. Sauti nyembamba ikatoka chumbani:

"Karibu."

Mwanaasha alikimbia. Komeo lilikuwa pale pale. Lakini sakafuni zilianzia mlangoni nyayo nyeupe za vumbi, ndogo, za miguu mitupu, hadi chumbani kwa mtoto. Za kurudi hazikuwepo. Yasmin alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amesogea kumpisha mtu.

Mwanaasha akapiga deki. Shehe akaja, akasoma. Asubuhi vumbi likawa limerudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu atapewa jembe na nani?

Siku hizi Yasmin haingii tu chumbani mwake. Husimama mlangoni, akapiga hodi kwa lafudhi ya Kitanga ambayo hakuna aliyemfundisha. Mama yake humtazama kutoka ukumbini. Mtoto hungoja mpaka aitikiwe kutoka ndani, ndipo aingie.